Alama za Watoto Zikigeuzwa, Wazee Waambiwe



Kila ukifika msimu wa matokeo husikika barazani suali moja lile lile: "Mwanangu kapata C. Hii C ni nzuri au mbaya?" Suali hili ni dogo kulisikia, lakini jawabu lake si jepesi, kwani herufi C peke yake haina maana yoyote mpaka ujue nani kaiweka, mwaka gani, na kwa kipimo kipi. Madhali watoto wetu wanapimwa kwa herufi hizi tangu wangali wadogo, ni haki ya kila mzee kufahamishwa namna zinavyotengenezwa, na khasa namna zinavyogeuzwa.

Tuanze na asili ya mambo. Mtoto hufanya mtihani akapata alama, tuseme 42 katika 100. Alama hizo amezichuma kwa kalamu yake mwenyewe. Herufi ni chombo tu ambacho alama zimetiwa ndani yake, na mipaka ya chombo hicho huwekwa na wakubwa ofisini. Kwa hivyo inawezekana kabisa mtoto akalala na D akaamka na C, ilhali hakuongeza hata chembe ya elimu usiku ule. Kilichosogea si mtoto, ni mpaka.

Haya si mambo ya kubuni, yamekwisha kutokea. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mtihani wa mwaka 2012 yalipotangazwa mwezi wa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi nzima ilishituka, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Mizengo Pinda, akaunda tume. Tarehe 3 Mei 2013 Mheshimiwa William Lukuvi alisimama Bungeni Dodoma kutoa kauli ya Serikali, na humo ndimo wazee walimosikia kuwa utaratibu wa kupanga madaraja ulikuwa umegeuzwa mwaka ule bila ya matayarisho ya kutosha. Matokeo yakafutwa, yakapangwa upya kwa utaratibu wa mwaka uliotangulia. Fikirini, ndugu zangu: maelfu ya vijana walikwisha kulia, wengine walikwisha kuitwa wajinga na majirani zao, ndipo ikajulikana kuwa mizani nayo ilikuwa imeguswa.

Haikuishia hapo. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2013 ikatangazwa mipaka mipya: A kuanzia 75, B+ kuanzia 60, B kuanzia 50, C kuanzia 40, D kuanzia 30, E kuanzia 20, na F chini ya hapo. Kisha yale madaraja tuliyoyazoea, la kwanza mpaka la nne, yakaondolewa, ikaletwa GPA, yaani wastani wa pointi, herufi tatu za Kiingereza ambazo sidhani kama zilifika na maelezo yake mpaka kwa mvuvi wa Chwaka. Januari 2016 Waziri mpya wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, akaamuru madaraja yarudi, na mipaka ikawa A kuanzia 75, B kuanzia 65, C kuanzia 45, D kuanzia 30, na F chini ya 30. Haya yote yalipita katika muda wa miaka mitatu tu.

Sasa mchukueni yule mtoto wetu wa alama 42. Kwa mipaka ya 2013 ana C. Kwa mipaka ya 2016 ana D. Mwenye 62 alikuwa na B+, akashuka akawa na C. Na mwenye 25, ambaye robo tatu ya mtihani imempita kando, mwaka 2013 alikwepa F, na mwaka 2016 akairudia. Ndugu wawili wa nyumba moja wanaweza kuwa na alama sawasawa kabisa na vyeti visivyolingana, na baba yao akamsifu mmoja na kumtukana mwingine bila ya haki yoyote.

Huenda mzee mwenye mtoto wa darasa la tatu akasema: hayo ni ya Kidato cha Nne, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mtoto wa Unguja hupimwa kwa mizani mbili. Akiwa skuli ya msingi yumo mikononi mwa Baraza la Mitihani la Zanzibar, lililo letu wenyewe. Akifika Kidato cha Nne huingia mikononi mwa Baraza la Mitihani la Taifa, ambalo limetiwa katika orodha ya mambo ya Muungano. Mzee aliyezoea mizani ya kwanza hana budi kufundishwa kuisoma na ya pili mapema, wakati bado kuna nafasi ya kumsaidia mtoto.

Mimi ni mtu wa duka, nami nitasema kwa lugha ya duka. Pishi na ratili zilipoondoka zikaja kilo, wazee wa Darajani hawakuachiwa wabahatishe. Mteja alitaka kujua kilo ni ratili ngapi, na muuzaji asiyeweza kumwambia alikosa mteja. Lakini mwenye duka akibadilisha jiwe la mizani usiku, asubuhi akawauzia watu kama kwamba hapana kilichotokea, hiyo haiitwi sera. Sura nzima ya Qurani, Al-Mutaffifin, imewashukia wapunja vipimo, na sioni kwa nini kipimo cha akili ya mtoto kiwe chepesi kuliko kipimo cha mchele.

Wako wanaotetea kuwa mipaka ikishushwa wanyonge husaidika. Mimi siafiki. Watoto wanaofanya vizuri zaidi hapa kwetu hutafutiwa nafasi katika skuli kama Lumumba na Ben Bella, na wenzao wa Pemba Fidel Castro. Madawati ya skuli hizo hayaongezeki kwa A kufanywa rahisi. A zikizidi madawati, uchaguzi hauna budi kufanywa kwa kitu chengine, na mzee asiye na mjomba wizarani atabaki na A yake mkononi akishangaa.

Tusiwe lakini watu wa kupinga kila kitu. Baraza la Mitihani la Taifa liliacha kutangaza skuli bora na watahiniwa bora, na katika hili mimi naliunga mkono. Kuwa wa 3 katika darasa la watoto 60 kunakupa khabari za wale 57 waliobaki nyuma. Hakukwambii kama mtoto anajua kusoma. Katika vyuo vyetu vya Qurani maalim hamuulizi mtoto yeye ni wa ngapi. Humsikiliza. Akiwa hajaiweka sawa sura yake harukishwi kwenda ya pili, hata kama wenzake wote ni wabovu kuliko yeye. Illa anayeondoa nafasi za darasani aweke badala yake maelezo, kwani wazee wengi nafasi ndiyo khabari pekee waliyoweza kuifahamu katika ripoti.

Na asije mtu akatwambia kuwa wazee hawataelewa hesabu hizi. Mama anayeendesha upatu wa watu 20 hakosei zamu wala senti. Anachonyimwa ni karatasi.

Kwa hivyo, mzee ukipewa ripoti usiridhike na herufi. Muulize mwalimu, kwa adabu, alama zenyewe ni ngapi, na mwaka jana zilikuwa ngapi katika somo hilo hilo. Muulize kama mpaka umesogea. Kama mtoto alikuwa na 38 na sasa ana 47, huyo anakwenda mbele, hata ikiwa herufi haikumtendea wema. Kama zimeshuka kutoka 58 kwenda 46 na herufi imebaki ile ile, hapo pana kazi ya kufanywa, nayo isingoje mtihani wa mwisho.

Kwa Wizara ya Elimu na Baraza lake ombi letu halina gharama kubwa. Siku yoyote watakapogeuza mipaka, watoe ukurasa mmoja wa Kiswahili safi, mipaka ya zamani upande mmoja na mipya upande wa pili, pamoja na sababu ya kugeuza. Ubandikwe mlangoni mwa kila skuli, kutoka Malindi mpaka Makunduchi, kabla ya siku ya mwanzo ya mwaka wa masomo, na wala si baada ya watoto kwisha kufanya mtihani.