Swichi ya Oili Iliyojificha

Askari wengi na jamaa zao huendesha magari yaliyokwisha kutembea sana. Katika magari hayo taa nyekundu ya oili huweza kuwaka ghafla. Wapo madereva wasemao, "Ni swichi tu," wakaendelea na safari. Na wapo wanaokimbilia dukani kununua swichi kabla ya kupima chochote. Wa pili hupoteza fedha. Wa kwanza huweza kupoteza injini nzima.

Oili ndiyo inayotenganisha vyuma vinavyozunguka ndani ya injini. Presha yake ikipotea, beringi husagika kwa dakika chache. Kwa hiyo taa ikiwaka njiani, dereva mwenye busara husimama mahali salama, huzima injini papo hapo, kisha hupima oili kwa kijiti chake. Ikiwa imepungua huiongeza. Injini ikigonga, au taa ikikataa kuzimika, gari huvutwa hadi kwa fundi.

Oili ikiwa imetosha na injini imetulia, swichi huweza kushukiwa. Katika magari mengi yenye swichi ya waya mmoja, presha isipokuwapo swichi huunganisha umeme na chuma cha injini, na taa huwaka. Presha ikipanda, umeme hukatwa. Ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa, waya huchomolewa kwenye swichi. Taa isipozimika, yaelekea waya umechubuka na unagusa bodi. Ikizimika, waya ni mzima, lakini swichi bado haijahukumiwa. Shahidi wa kweli ni geji ya presha inayofungwa mahali pa swichi, na kipimo chake hulinganishwa na kitabu cha gari.

Taabu kubwa ni kuifikia. Swichi nyingi hukaa karibu na filta ya oili, nyuma ya mabomba, mahali pasipoonekana. Katika baadhi ya Chevrolet Silverado za Marekani zenye injini ya lita 5.3, sensa ya presha imewekwa juu, nyuma kabisa ya injini. Baadhi ya mafundi hufungua manifoldi ya hewa. Wengine huifikia kwa soketi ndefu ya milimita 27 na chuma cha kurefushia.

Kabla ya kazi, injini huachwa ipoe na waya hasi wa betri hufunguliwa. Gari likiinuliwa husimamishwa juu ya stendi imara, kamwe si juu ya jeki peke yake, na watoto huwekwa mbali. Mahali pa swichi husafishwa kwanza, ili mchanga usiingie tunduni.

Swichi mpya huanza kuzungushwa kwa vidole, ili meno yasipandane. Ikiwa imepakwa dawa ya kuzibia kiwandani, haiongezwi nyingine. Tepu ikizidi huweza kuzuia umeme, na vipande vyake vikaziba njia ya oili. Hukazwa kwa kiasi, kwa maana nguvu nyingi huweza kupasua chuma.

Mwishowe injini huwashwa. Taa huzimika katika sekunde chache, na mahali pa swichi huangaliwa kama panavuja. Ikibaki inawaka, injini huzimwa mara moja, kwa kuwa huenda taa ilikuwa ikisema kweli tangu mwanzo.