Dawa na Mwendo wa Moyo

Moyo wa mwanadamu huenda kwa mpango. Kila pigo huanzishwa na umeme mdogo sana upitao katika nyama ya moyo, kisha moyo hutulia kidogo ukijitayarisha kwa pigo la pili. Ziko dawa zichelewazo kutayarisha huko. Pigo jingine likiingia kabla ya wakati wake, moyo waweza kwenda mbio ovyo, damu isifike kichwani, mtu akazimia. Na pengine asizinduke. Tabibu wa Kifaransa, François Dessertenne, aliyaeleza mapigo hayo na kuyapa jina mwaka 1966.

Wasomaji wetu wasidhani twasema sumu. Twasema dawa njema, zijulikanazo majumbani mwetu: kwinini ya malaria, erithromaisini ya kifua, flukonazoli ya fangasi. Kila moja yafaa, ikitolewa kwa kipimo na kwa mtu aistahiliye. Hatari huzidi zikichanganywa. Erithromaisini na flukonazoli, mbali na kuuchelewesha moyo, huzuia ini lisizivunje baadhi ya dawa nyingine, nazo zikajilundika katika damu kama kwamba mtu amemeza maradufu.

Twatoa mfano wa halofantrini, dawa ya malaria. Mwaka 1993 matabibu waliotibu wagonjwa mpakani mwa Thailand na Myanmar walieleza kuwa yauchelewesha moyo, na zaidi kwa aliyekwisha kumeza meflokwini. Hata chakula cha mafuta kiliizidisha katika damu. Nani angalidhani ya kuwa sahani ya pilau yaweza kugeuza kipimo cha dawa?

Basi ile desturi ya kuweka masalio ya vidonge kabatini, jirani akamgawia jirani, hatuipendi hata kidogo. Enyi wazazi, mwendapo duka la dawa, chukueni vidonge vyote avitumiavyo mgonjwa, mkamwonyeshe mwuzaji. Semeni pia ikiwa ameharisha au ametapika sana, kwani potasiamu hupungua mwilini, na moyo huwa mwepesi kuharibikiwa. Na ikiwa katika ukoo yuko kijana aliyekufa ghafula, msione haya kulisema. Wanawake hupatwa na jambo hili zaidi kuliko wanaume.

Aliyepewa dawa ya kila siku na daktari asiiache kwa kuogopa haya tuyasemayo. Na aende akaulize. Lakini aliyeanza dawa mpya, kisha moyo ukamwenda mbio au akazimia, asingoje kesho. Apelekwe hospitali saa ile ile, na vidonge vyake vichukuliwe pamoja naye.