Kompyuta Nayo Ni Cherehani Tu



Leo hatuandiki habari za shela wala michoro ya hina. Tunaandika habari ya nywila, yaani neno la siri. Msifunge ukurasa kwanza. Mkifika mwisho mtaona kwamba jambo hili linamhusu bibi harusi kuliko hata rangi ya sare za wapambe wake.

Sisi ni mafundi wa kike watatu hapa Mtwara mjini. Tunashona abaya, magauni ya harusi na sare. Wote tuliishia sekondari, tukapita kozi ya ushonaji, tukaanza na cherehani moja ya kukanyaga kwa mguu. Hakuna kati yetu aliyesomea kompyuta. Tulipotaka kusajili biashara tulifanya kama wanavyofanya wengi: tulibeba karatasi zetu mpaka steshenari, tukamkabidhi kijana wa hapo, naye akamaliza kazi kwa nusu saa. Tukamlipa, tukashukuru, tukaondoka na bahasha.

Hatukuuliza barua pepe aliyoweka ni ya nani. Hatukuuliza namba ya simu aliyojaza ni ipi.

Miaka miwili baadaye tukataka kuhuisha leseni. Mfumo ukasema umetuma tarakimu za siri kwenye simu ya mwenye biashara. Tukaangalia simu zetu zote tatu, kimya. Tarakimu zilikuwa zinakwenda kwa yule kijana, naye alishahama mkoa na namba yake haipatikani. Jasho ni letu, vitambaa ni vyetu, lakini ufunguo wa biashara uko kwa mtu ambaye hata jina la baba yake hatulijui. Tulizunguka maofisini wiki tano. Katika wiki hizo tukakosa kazi ya kushona sare za watoto 120, kwa sababu mteja alitaka leseni iliyo hai na sisi hatukuwa nayo.

Kijana hakutuibia. Alifanya alivyozoea, nasi tukakubali kwa sababu tulishajiambia kwamba kompyuta si ya watu kama sisi. Maneno hayo ndiyo tunayotaka kuyapinga leo.

Dada zangu, kumbukeni siku ya kwanza mlipokaa mbele ya cherehani. Uzi unapita huku, unazunguka kule, unashuka kwenye sindano, halafu kuna bobini ya chini. Mguu ukikosea, gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Cherehani ilitoka ughaibuni kama kompyuta ilivyotoka. Lakini leo ukipita Chikongola karibu na soko utawakuta mafundi ambao hawajui neno moja la Kiingereza, wanaifungua cherehani, wanaitia mafuta, wanairudisha. Hawakuanza kwa kusoma kitabu cha vyuma vyake. Walikaa pembeni ya fundi, wakapewa kipande cha kitambaa, wakaambiwa shona mstari ulionyooka. Ukiharibu, fumua, rudia.

Kompyuta tunafundishwa kinyume. Mtu anakwenda kwenye mafunzo, siku ya kwanza anatajiwa sehemu za mashine na majina yake ya Kiingereza, siku ya pili historia yake, na siku ya tatu mama hayupo tena. Hakuna aliyemuuliza amekuja kutafuta nini. Pengine alitaka tu kuandika orodha ya wadeni wake, au kutuma picha ya gauni kwa mteja aliyeko Masasi. Angeanzia hapo, angerudi kesho.

Na tusiambiwe kwamba wanawake wa kawaida hawawezi. Tazameni M-Pesa. Ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008. Leo mama anayekaanga pweza Msimbati anabonyeza nyota mia na hamsini, anachagua moja, anaweka namba, anaweka kiasi, na pesa imefika. Ile ni kompyuta jamani! Iko mbali, lakini ndiyo anayozungumza nayo. Kwa nini hakuiogopa? Sisi tunaona sababu tatu. Inaongea Kiswahili. Inauliza jambo moja kwa wakati mmoja, na kabla ya kukata pesa inakuonyesha unampelekea nani. Na ilikuja na mtu: wakala aliyekaa chini ya mwavuli, ambaye unaweza kumwambia, "Mwanangu, nimekwama hapa," naye asikucheke.

Sensa ya mwaka 2022 nayo tuliiona sote. Makarani walikuja majumbani na vishikwambi mikononi, wengi wao vijana wa mitaa yetu, na kazi ya kuhesabu watu zaidi ya milioni 61 ikafanyika. Walifundishwa wiki chache tu, kwa kazi moja inayojulikana. Mtu akifundishwa kazi yake kwa lugha yake, anaweza.

Lugha yenyewe tunayo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, wakaziita Jambo OpenOffice. Baadaye kampuni kubwa za nje nazo zikaweka Kiswahili kwenye bidhaa zao. Simu nyingi za kupangusa tulizo nazo zina Kiswahili ndani, ni kwenda kwenye mipangilio na kuchagua lugha. Lakini ni wangapi kati yetu tuliwahi kuambiwa hilo dukani siku tuliyonunua simu? Tunapewa ikiwa kwa Kiingereza, tunakariri alama kama mtu anayekariri njia ya msituni, na alama ikibadilika tumepotea.

Kuna wanaosema maneno kama nywila na kishikwambi ni magumu kuliko Kiingereza chenyewe. Wana haki kidogo. Neno geni halisaidii kwa sababu tu limeundwa kwa Kiswahili, linasaidia likielezwa. Binti wa Mahurunga hajali unaiita nywila au paswedi. Anataka kujua kwamba ni kama ufunguo wa sanduku lake, na kwamba ufunguo haugawiwi.

Hapo tunafika kwa watoto wetu. Mama mwingine husema, "Mimi sina haja, mwanangu atanifanyia." Tunawapenda watoto wetu, lakini tuseme kweli. Mtoto akiombwa msaada anaichukua simu, anabonyeza haraka haraka, anairudisha na kusema tayari. Mama hakuona kitu. Kesho anaomba tena, keshokutwa tena, mpaka mtoto anachoka na kumjibu ovyo. Sisi tumeweka sheria dukani: anayefundisha haruhusiwi kushika mashine. Aseme tu kwa mdomo, mikono iwe ya anayejifunza. Inachukua muda mrefu, na inaudhi, lakini mkono ukishafanya wenyewe hausahau.

Wapo pia wazee wetu wanaosema kompyuta na intaneti ni mlango wa maasi, afadhali mtoto wa kike awe mbali navyo. Hofu yao tunaiheshimu, kwa sababu mabaya yamo kweli. Lakini cherehani ileile inashona abaya na inashona nguo ambayo hatungetaka binti zetu waivae. Hatukuvunja cherehani kwa sababu hiyo. Tulifundishwa adabu ya kazi. Asiyejua ndiye anayedhurika zaidi. Wale matapeli wanaotuma ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hawamtafuti mjuzi, wanamtafuta anayeogopa kuuliza.

Tena dini yetu haikutufundisha kukaa gizani katika mambo ya mali. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, iliyomo Suratul Baqara, inahusu deni: liandikwe, aandike mwandishi kwa uadilifu, na wawepo mashahidi. Sisi mafundi tulikuwa na daftari moja la vipimo na madeni. Masika moja paa likavuja, daftari likalowa, vipimo vya bibi harusi na wapambe wake vikawa wino uliotapakaa. Ilibidi tuwaite wote upya, siku tisa kabla ya harusi, na madeni mengine mpaka leo tunayakisia tu. Sasa tunaandika kwenye daftari na kwenye kompyuta ndogo tuliyonunua ikiwa imetumika. Majedwali yetu si ya kitaalamu. Ni jina, vipimo, aliyolipa, anayodaiwa, siku ya kuchukua. Mteja akibisha, tunamfungulia anaona mwenyewe.

Sasa tuje kwa maharusi. Bibi harusi wa pwani hii huwekewa somo. Anakalishwa mkekani, milango inafungwa, anafundishwa mambo ya nyumba yake kwa upole na kwa siri, na anaruhusiwa kuuliza hata asiloweza kumuuliza mama yake. Hakuna anayemwita mjinga kwa kutojua, kwani ndiyo maana ameletwa. Sisi tunaomba kompyuta nayo iwe na somo. Mwanamke mmoja kila mtaa, anayejua kidogo kuliko mtaalamu lakini kutuzidi sisi, akae na wenzake baada ya Alasiri, na watoto wakicheza hapo hapo. Shangani inaweza, Mikindani inaweza, hata Kilambo kule mtoni inaweza.

Na katika yale anayofundwa bibi harusi, tunaomba yaongezwe machache. Ajue namba yake ya NIDA. Awe na barua pepe yake, iliyofunguliwa kwa namba yake ya simu. Ajue laini yake imesajiliwa kwa jina la nani. Kama ana biashara, ajue leseni na namba ya mlipakodi vinafunguliwa vipi. Haya si uasi kwa mume. Mke akimshauri mume katika mambo yake ni kheri, na mume mwema hufurahi mkewe akijua mambo. Lakini mume husafiri, huugua, na ajali zipo. Tumewaona wajane waliokaa na simu ya marehemu mkononi hawajui hata wafungue vipi, na pesa za korosho zimo humo.

Hata safari ya ibada sasa inapita huku. Anayetaka kibali cha kuswali Rawdha katika Msikiti wa Mtume, Madina, anakiomba kupitia programu ya Nusuk. Mama aliyeweka akiba miaka mingi asije akakwama mbele ya mlango kwa sababu hajui kubonyeza.

Neno letu la mwisho ni kwa maofisi. Usajili wa jina la biashara BRELA unafanyika kwa mtandao tangu 2018. Leseni ya biashara inapita kwenye mfumo wa TAUSI. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, ilisimama Aprili 2023 na kurudi Julai 2024, na sasa vikundi vinaomba kwa njia ya mfumo. Hatupingi. Mfumo unapunguza kujuana na kuzungushwa. Lakini ukimpa mwanamke wa kijijini mfumo bila mtu wa kumwelekeza, umemrudisha kwa kijana wa steshenari, na ufunguo umebaki kule kule. Tunaomba mambo mawili ambayo hayana gharama kubwa. La kwanza, kila mfumo umtangulize mwombaji kwa Kiswahili chepesi, swali moja moja, kama simu ya pesa inavyofanya. La pili, kila ofisi ya kata iwe na meza moja na mtu mmoja wa kumwelekeza mwananchi huku mwananchi akibonyeza mwenyewe.

Nasi tufanye la kwetu bila kungoja. Wiki hii, dada yangu, fanya matatu tu. Badilisha lugha ya simu yako iwe Kiswahili. Muulize aliyekusajilia chochote: barua pepe ni ipi, namba ni ipi, na kama si zako, ombeni zibadilishwe mapema. Kisha mkalishe mwanamke mmoja, mama yako au jirani, umfundishe jambo moja analolihitaji yeye, na mikono yako uiweke mapajani.

Leseni yetu ipo ukutani sasa, na tarakimu zake zinaingia kwenye simu yetu. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja, aliyekuwa akikimbia dukani kila tukiwasha ile mashine, alihuisha mwenyewe kila kitu. Alitumia saa mbili na nusu na alikosea mara nne. Alipomaliza alipiga vigelegele peke yake mpaka majirani wakadhani tumeozesha.

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa, atulindie mali zetu na atuandalie maharusi wenye kheri. Aamiin.