Kushtaki si Kuondoa

Mwalimu mmoja wa hapa Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, aliniuliza majuzi kama maneno ya Kiingereza 'overthrow', 'remove' na 'impeach' yana maana moja. La hasha! La kwanza ni kupindua, yaani kutwaa serikali kwa nguvu, kama ilivyotukia Zanzibar Januari 1964. La pili ni kuondoa, kwa njia yoyote ile. La tatu kwa asili ni kushtaki kiongozi bungeni.

Tarehe 8 Oktoba 2024, Bunge la Kitaifa lilipitisha hoja dhidi ya Naibu wa Rais, Rigathi Gachagua. Papo hapo wengi walisema ametimuliwa. Kumbe alikuwa angali afisini! Uamuzi ulikuwa wa Seneti, nayo iliutoa tarehe 17. Kwa siku hizo tisa alikuwa mshtakiwa mwenye haki ya kujitetea, apendwe asipendwe.

Walimu wenzangu, tuwafunze vijana kupima maneno. Raia asiyetenga shtaka na hukumu, kesho atamhukumu jirani yake kabla hajamsikiliza.