Kurudi Darasani Si Aibu

Baba yangu mdogo alipunguzwa kazini akiwa na miaka 47. Aliposikia kuna mafunzo ya ufundi yanayolipiwa na serikali, alikataa: “Nikakae na watoto, tena kwa hisani?”

Namwelewa, lakini hiyo si hisani. Hapa Tanzania waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, inayokokotolewa kutokana na mishahara ya wafanyakazi. Sehemu yake hugharamia VETA. Jasho lake lilishachangia darasa hilo.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens (1981), alifundisha kuwa kazi ipo kwa ajili ya mtu. Basi aliyepoteza kazi hajapoteza utu. Ndugu msomaji, usimhurumie tu, msindikize akajiandikishe.