Jino Bovu Halitibiwi kwa Vidonge

Mtu aliyekesha kwa maumivu ya jino hutaraji kutoka kwa daktari akiwa na dawa mkononi. Nao madaktari wetu wa meno, mabingwa wakiwamo, si wachache waliozoea kumridhisha: humwandikia amoksilini au metronidazoli na kumwambia arudi juma lijalo. Desturi hiyo, japokuwa ina nia njema, hatuna budi kuikosoa.

Maumivu mengi ya jino hutokana na kuvimba kwa kiini kilichofungiwa ndani yake. Kiini kikifa, damu haipiti tena humo. Na dawa husafiri kwa damu. Itafikaje? Tiba hasa ni kazi ya mkono: kusafisha mzizi, kutumbua jipu au kung'oa jino. Mwaka 2019 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilieleza kwamba mtu mzima mwenye kinga timamu, anayeweza kupata tiba hiyo mara moja, kwa kawaida hahitaji viuavijasumu. Dawa hizo zina mahali pake: maradhi yanapoenea, uso ukavimba na homa ikapanda.

Kuzitumia pasipo haja kuna gharama. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba atakayeitumia kwa kiasi pungufu atavifundisha vijidudu kuistahimili. Leo onyo hilo limetimia. Inakadiriwa kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kutokana na bakteria sugu.

Hatumtwiki daktari lawama zote. Foleni ni ndefu, pengine ganzi imekwisha, na mgonjwa aliyetoa nauli hupenda kuondoka na kitu. Lakini mabingwa ndio wanaotazamwa na madaktari vijana. Wakibadilika wao, wengine watafuata. Wenye mamlaka nao wahakikishe zana na ganzi hazikosekani, na maduka yaache kuuza dawa hizi bila cheti. Nasi wananchi tusimwone daktari asiyeandika vidonge kuwa ametunyima haki yetu.

Wahenga walinena kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Tuongeze: wala kidonge si dawa ya jino bovu.