Tunapokaanga Buni Nyumbani

Masika yaliyopita hapa Mji Mkongwe tulimkuta jirani yetu amelegea jikoni, kichwa kinamgonga, anatapika. Alikuwa akikaanga buni kwenye jiko la makaa, dirisha kalifunga kwa sababu ya mvua. Tulimtoa nje haraka, tukampeleka hospitali akapewa oksijeni.

Hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina rangi wala harufu, hivyo tusingoje kuinusa. Tukaange uani. Hata uani, penye kuta ndefu za mawe, tutundike uzi mwepesi: usipotikisika, tuhamie penye upepo.

Na joto je? Kipimajoto cha homa tusikisogeze (tumeshaona kimoja kikipasuka!), kwani huishia nyuzi 42, na buni huanza kualika karibu na nyuzi 200. Tutumie macho na masikio. Buni hugeuka manjano, kisha hudhurungi, kisha hualika. Hapo tupunguze makaa, tukoroge bila kuacha. Ikifika weusi tuupendao, tuimwage kwenye ungo na kuipepeta ipoe upesi, maana ikibaki kaangoni huendelea kuungua.

Jirani yetu sasa hukaangia uani. Mvua ikinyesha, husubiri.